Riwaya za mapenzi za zamani na sasa: kati ya hizi sita uanze na ipi?

Wapenzi wa riwaya za mapenzi mnaijua hii staili, sura moja uko mwaka 1900 mtu anaandika barua kwa mwanga wa taa, sura inayofuata uko mjini mtu anatafuta chaja ya simu, na mwandishi anakuzungusha hivohivo mpaka mbele huko inakuja kujulikana kwamba yule wa zamani na huyu wa sasa wana damu moja, au nyumba moja, au siri moja. Ziko nyingi mno. Ukiingia duka lolote la vitabu mtandaoni unapishana na majalada ya mwanamke aliyekupa mgongo anaangalia bahari. Kuzipata sio shida, shida ni kwamba karibu zote ni za Kiingereza, nyingi ni nene balaa, na ukiokota isiyokufaa unakuta umefika kurasa mia mbili ndo unagundua hawa watu wa sasa huwataki kabisa, unawavumilia tu ili urudi kwa wale wa zamani.

Na hapo ndo penye kipimo changu, nakiweka wazi mapema ili ukitofautiana na mimi ujue tumeachania wapi. Chukua riwaya ya aina hii, ruka sura zote za sasa, soma za zamani peke yake. Je, umepoteza kitu? Kama hujapoteza basi hizo sura za sasa zilikuwa mfuniko wa sufuria tu, unaufunua unauweka pembeni unakula. Nzuri ni ile ambayo ukikata upande mmoja na mwingine unakufa. Mwandishi mwenye uwezo hawezi kukupa mapenzi mawili yaliyopangwa sambamba, anakupa mapenzi mamoja yaliyomwaga kitu, na watu wengine miaka sitini au mia baadae wanaokanyaga humohumo bila kujua.

Kabla hujaniuliza, Outlander haimo. Ile Claire wa 1945 anapitiliza mawe anaangukia 1743, ni mtu mmoja anaevuka wakati. Hapa naongelea watu tofauti, nyakati tofauti, hawaonani kamwe.

The Map of Love na Desertion

Nianze na hizi mbili maana kwangu ndo zenye utamu wa kulinganisha, na pia kwa sababu moja ni ya kwetu kabisa. Zote zinaanzia karibu mwaka mmoja. Ahdaf Soueif, Mmisri, kwenye The Map of Love iliyotoka 1999 anamleta Anna Winterbourne, mjane wa Kiingereza, Misri mwaka 1900. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, kwenye Desertion ya 2005 anamleta Martin Pearce, Mwingereza, kwenye mji mdogo wa pwani kaskazini ya Mombasa mwaka 1899. Anna anatekwa na vijana wazalendo wa Cairo walioghadhabika (kavaa nguo za kiume, wanadhani ni mwanaume wa Kiingereza) akapelekwa kufichwa kwenye nyumba ya watu, na Sharif Basha, ambaye dada yake yuko pale, anakuja kuomba radhi kwa hasira zake zote. Martin yeye anatokea alfajiri akiwa hoi, kaachwa na wasindikizaji wake, anadondoka mbele ya Hassanali mwenye duka ambaye alikuwa anaenda kufungua msikiti, na Hassanali anambeba nyumbani kwake kumuuguza. Nyumbani kuna dada, Rehana.

Yaani ukitazama haraka ni stori ileile, mgeni wa Kiingereza kaangukia mikononi mwa familia ya wenyeji na mapenzi yakazuka. Ila angalia zinavyoachana. Anna ni mwanamke mwenye pesa zake na jina lake, Sharif Basha ni mwanasheria mwenye heshima mjini, wanaoana waziwazi japo ubalozi wa Kiingereza na kina Lord Cromer, mkubwa wa Waingereza pale Misri, wananuna. Rehana ni mwanamke wa duka, mume wake wa kwanza Azad alikuja na msimu akaondoka na msimu kwenda India, hakurudi tena, ameshakaa miaka ya kusubiri na maneno ya watu juu yake, na huyu Mzungu hamuoi. Wanahamia Mombasa wanaishi pamoja, na jina la kitabu lilivyo unajua mwenyewe kitakachofuata.

Sasa upande wa pili. Kwa Soueif, mwaka 1997 Mmarekani anaitwa Isabel anakuta sanduku la bibi wa mamake, limejaa shajara na barua, za Kiingereza na za Kiarabu, anampelekea Omar anaeishi New York ambaye ni kondakta wa okestra, na Omar anamwambia peleka Cairo kwa dada yangu Amal. Amal ndo anakaa na sanduku anasoma, anapanga, anajazia pale palipokosekana. Kwa Gurnah, miaka ya hamsini Zanzibar, kijana anaitwa Amin anasomea ualimu, anampenda Jamila, mwanamke aliyeachika, anamzidi umri, mteja wa dada yake Farida anaeshona nguo. Jamila ni mjukuu wa Rehana. Na wazazi wa Amin, wote walimu, watu wa kisomo ambao na wao ujana wao walipambana na wakubwa zao, wakijua tu wanasema haiwezekani, huyu bibi yake aliwekwa na Mzungu.

Umeona? Kitukuu wa Anna karithi sanduku, mjukuu wa Rehana karithi aibu. Mimi hapo nilisimama nikakifunga kitabu kwanza. Sanduku unaweza kuliacha stoo usilifungue, aibu ya bibi inakufungulia yenyewe, watu wanakuja nayo mlangoni hata kama wewe huna habari nayo. Kwa kipimo changu Desertion inashinda kwa mbali, ukiondoa upande wa hamsini ule wa 1899 unabaki kisa cha Mzungu mgonjwa, na ukiondoa wa 1899 hutaelewa kabisa kwa nini mama mwenye akili zake anamvunja mwanae vile.

Ila nikuonye, na hili ni kubwa kwa msomaji wa mapenzi. Gurnah hakuonyeshi walivyopendana Rehana na Martin. Unasubiri ile sura, unasubiri, haiji. Katikati anajitokeza Rashid, mdogo wake Amin, ndo msimulizi kumbe, na anakubali kwamba hajui ilitokeaje, anakisia. Kuna watu wanaona wameibiwa hapo. Mimi naona ndo ukweli wenyewe wa mambo ya familia za pwani, hakuna mtu atakaekusimulia bibi yako alianzaje na Mwingereza, utasikia tu "yule" na sauti inashuka. Rashid mwenyewe anaenda kusoma Uingereza kabla tu ya uhuru wa Disemba 1963, Januari 1964 mapinduzi yanatokea, hawezi kurudi, kwa hiyo hata yeye anaesimulia yuko mbali na anaowasimulia. Huzuni ya hiki kitabu haipigi kelele.

The Map of Love ukitaka mapenzi unayapata. Safari ya Sinai, Anna na Sharif Basha wanaongea Kifaransa kwa sababu sio lugha ya yeyote kati yao, wanatazamana na kukwepana kwa sura kadhaa, ni tamu hasa, na Soueif anajua kuchelewesha. Tatizo lake liko kwa wapenzi wa sasa. Isabel na Omar hawanishiki. Wanapendana kwa sababu kitabu kinataka wapendane. Anaebeba sasa ni Amal, mwanamke wa makamo, watoto wake wakubwa wako ng'ambo, anarudi kijijini kwa wakulima wa ardhi ya familia anakuta shule imefungwa na vijana wanakamatwa, na huku anamsoma Anna akilalamikia Denshawai ya 1906, wakulima walionyongwa na kuchapwa viboko na Waingereza, na anaona miaka tisini imepita na bado mkulima ndo anachapwa. Siasa ni nyingi, nisikudanganye. Kuna sehemu unasoma mazungumzo ya sebuleni kuhusu Uingereza na Sultani wa Istanbul mpaka unataka kupita haraka. Ila kwa msomaji wa kwetu anaejua maana ya kutawaliwa hayo mazungumzo hayachoshi kama yanavyomchosha mtu wa London, na maneno ya Kiarabu yaliyojaa humo nusu utayajua bila kufungua faharasa ya nyuma.

Urefu, Map of Love ni nene karibu mara mbili ya Desertion. Kiingereza cha Gurnah ni kisafi, hakitafuti misamiati. Tena usije ukachanganya na Peponi, hiyo ni tafsiri ya Kiswahili ya Paradise, kitabu chake kingine kabisa.

(Ukimaliza Desertion na ukataka kitu cha Dar, itafute The Book of Secrets ya M. G. Vassanji, 1994, mwalimu mstaafu Pius Fernandes mwaka 1988 anapewa shajara ya ofisa wa Kiingereza ya 1913 kutoka mpakani mwa koloni la Waingereza na la Wajerumani. Humo kuna mwanamke, Mariamu, na swali ambalo mume wake analala nalo maisha yake yote. Siihesabu kama riwaya ya mapenzi, ni ya siri zaidi, ila mitaa utaitambua.)

Za barua: Possession na The Last Letter from Your Lover

Hizi mbili zinafanana kimtambo, mtu wa sasa anakuta barua ambazo hakutakiwa kuzikuta, anashikwa na kiherehere cha kujua zilikoishia. Baada ya hapo hazifanani tena hata kidogo.

Possession ya A. S. Byatt ilichukua tuzo ya Booker mwaka 1990. Roland, msomi asiye na hela, anaishi chumba cha chini kinachonuka paka, anafungua kitabu cha zamani kwenye maktaba London anakuta rasimu mbili za barua za mshairi mkubwa wa karne ya 19, Randolph Henry Ash, kwa mwanamke asiyetajwa jina. Anaziiba. Anamtafuta Maud Bailey, msomi mwenzie anaemfahamu vizuri mshairi wa kike Christabel LaMotte, na wawili hao wanaanza kufuatilia huku maprofesa wengine na tajiri mmoja wa Kimarekani anaekusanya vitu vya Ash wanawanusa nyuma. Hao washairi wawili hawakuwahi kuwepo, Byatt kawatunga, na kawatungia na mashairi yao, marefu, kurasa kwa kurasa, na barua zao, na shajara za watu waliowazunguka.

Sasa hapo ndo watu wengi wanashukia njiani. Nakwambia ukweli, mashairi unaweza kuyapita mara ya kwanza na hakuna polisi atakaekuja, ingawa yana dalili zilizofichwa ndani na ukirudi mara ya pili utajuta kuyapita. Kiingereza ni kigumu kuliko vyote sita. Lakini kwa kipimo changu hiki ndo kinachoikaribia Desertion, kwa sababu Roland na Maud ni watu walioogopa kupenda. Wamesoma nadharia nyingi mno kuhusu mapenzi mpaka hawawezi kumshika mtu mkono bila kujichambua, na wanasoma barua za watu wa 1859 ambao walikuwa na ndoa, dini na jamii nzima ikiwatazama na bado wakathubutu. Za zamani zinawaumbua wa sasa. Raha yake ni ya polepole, ndoto yao wote wawili ni kitanda cheupe kitupu kila mtu peke yake, halafu uone wanavyotoka huko.

The Last Letter from Your Lover ya Jojo Moyes, 2010, haina mbwembwe hizo. Mwaka 1960 Jennifer Stirling, mke wa tajiri wa biashara ya asbesto, anazinduka hospitali baada ya ajali ya gari hakumbuki kitu, hata mumewe hamkumbuki vizuri, anarudi kwenye jumba lake anakuta barua iliyofichwa kitabuni, imesainiwa herufi moja tu, B, inamwomba aache kila kitu waondoke. Hajui B ni nani. Mwaka 2003 Ellie, mwandishi wa habari, anakuta barua hizo kwenye nyaraka za gazeti lao wakati ofisi inahama jengo, na yeye mwenyewe yuko na mwanaume wa mtu ambaye anamjibu meseji akijisikia.

Hicho cha mwisho ndo kinachoiokoa. Barua ya 1960 mtu kamwaga moyo wake kwenye karatasi, meseji ya 2003 maneno matatu na herufi x na Ellie anakaa nayo usiku mzima anaitafsiri, "alimaanisha nini hapa?" Nani hajawahi kufanya hivo. Moyes kaweka mwanzoni mwa sura vipande vya barua na meseji halisi ambazo watu waliachana nazo, na baadhi ni fupi za kikatili mpaka unacheka. Ellie anakera, anafanya ujinga wa wazi, ila bila yeye stori ya Jennifer inabaki melodrama nzuri tu ya mke wa tajiri. Yule mwanaume wa zamani, Anthony, ni mwandishi wa habari za nje anaeripoti Congo, kwa hiyo miaka ile ya mwanzo ya sitini Congo inatokea kwenye stori, japo usitegemee kuwaona Wakongo wenyewe, ni mahali pa kumpeleka Mzungu mwenye moyo uliovunjika. Hilo lilinikwaza kidogo.

Inasomeka haraka, wikiendi moja unaimaliza. Muvi yake ipo Netflix tangu 2021, mtu akikwambia imetosha usimsikilize, muvi imepunguza mno.

Kati ya hizi mbili kuchagua ni rahisi. Jiulize ukiwa kitandani saa nne usiku umechoka una nguvu ya kusoma shairi la kurasa kumi kuhusu nyoka-mwanamke? Kama jibu ni hapana, Moyes. Hakuna aibu hapo.

Ya damu, na ya Konya

The Winter Sea ya Susanna Kearsley, 2008, ndo riwaya ya mapenzi kamili kuliko zote humu, yaani ile ya kuvuta blanketi. Carrie ni mwandishi wa riwaya, kafika Cruden Bay mashariki ya Scotland karibu na magofu ya ngome ya Slains, anataka kuandika kuhusu mwaka 1708 ambapo wafuasi wa mfalme James Stuart aliyekuwa uhamishoni walipanga meli za Ufaransa zimrudishe nyumbani. Anamtumia bibi wa ukoo wake, Sophia, kama mhusika. Anaandika usiku mambo yanamiminika, mchana anaangalia nyaraka anakuta alichotunga ni kweli tupu, majina, vyumba, tarehe. Kearsley anaelezea kwamba kumbukumbu imepita kwenye damu.

Hapa utaamua mwenyewe kama unakubali. Msomaji wa kwetu nadhani anakubali haraka kuliko profesa wa Ulaya, sisi kuambiwa bibi wa ukoo ana lake la kusema sio habari ya kushangaza hivo. Ila kwa kipimo changu inaanguka. Carrie na Graham, mhadhiri wa historia, mtoto wa mwenye nyumba, wanapendana bila kikwazo cha maana, ni watu wazuri wanaotembea na mbwa ufukweni, na hofu yote, viapo vyote, usaliti wote uko kwa Sophia na askari wake John Moray. Ukiruka za sasa unapoteza upepo wa bahari na chai. Nasema hivi na bado nakupendekezea, kwa sababu za 1708 ni nzuri kiasi kwamba uzito wa upande mmoja unatosha, na Kearsley anakupa historia ya Scotland bila kukufundisha, ambapo nchi ilikuwa imeungana na Uingereza mwaka mmoja tu nyuma, 1707, na watu wengi hawajakubali. Watoto mnaweza kuwaachia simu yenye hii riwaya, hakuna cha kuona haya.

The Forty Rules of Love ya Elif Shafak, Mturuki, najua nusu yenu mmeshaisoma au mmeona vipande vyake kwenye status. Ella, mama wa nyumbani Massachusetts anaekaribia arobaini, mume daktari wa meno, ndoa imepoa, anapata kazi ya kusoma miswada kwa wakala wa vitabu. Mswada wa kwanza unaitwa Sweet Blasphemy, unahusu Shams wa Tabriz, darweshi wa Kisufi, anaefika Konya (mji wa Uturuki ya leo) mwaka 1244 na kumgeuza maisha Rumi, msomi aliyekuwa anaheshimika mji mzima. Ella anamwandikia barua pepe mtunzi, Aziz, mambo yanaanzia hapo.

Upande wa Konya mwandishi kampa kila mtu sauti yake, kahaba, mlevi, ombaomba, mtoto wa Rumi anaemchukia Shams, mpaka muuaji anaongea, na unageuza kurasa kama unakimbizwa. Upande wa Ella ni mwepesi hasa, zile barua pepe zao zinasikika kama watu wawili wanatumiana mabango ya hekima. Kipimo changu kinaikata bila huruma. Na wale wanaosambaza zile kanuni kama maneno ya Rumi au ya Shams, kanuni zile kaziunda Shafak kwa ajili ya riwaya, zipende kwa jina lake. Lingine, soma kwa makini sehemu ya Kimya, binti aliyelelewa nyumbani kwa Rumi akaozwa kwa Shams. Kitabu kinamtukuza Shams mno, ila kwa Kimya hata mwandishi mwenyewe nadhani alishindwa kumtetea, na mimi sura zile zilinibakia kuliko kanuni zote arobaini.

Kama unataka mapenzi ya mwanamke na mwanaume ndo yawe kitovu, hii sio. Mapenzi makubwa humu ni ya Mungu na ya urafiki, ya Ella ni ya kuonyeshea njia tu. Kama uko kwenye kipindi unajiuliza maisha yako yamekwendaje, inaweza kukufaa kuliko zote, nimeshaona watu wazima wakiishika hii riwaya kama kitabu cha dawa.

Sasa unachukua ipi

Kama hii itakuwa ya kwanza kwako kwenye aina hii na Kiingereza chako ni cha kawaida, anza na Moyes, nyakati zake hazikuchanganyi na unajua muda wote uko wapi. Ukiipenda panda kwa Kearsley. Ukiona unaanza kukereka na wapenzi wa sasa wasio na kazi ya kufanya, umeshaiva, njoo kwa Soueif.

Kama unasoma kwa kundi, mama zangu na dada zangu wa magrupu ya WhatsApp ya vitabu, Desertion mara moja. Possession itawagawa, wawili watamaliza na wengine watasingizia kazi. Forty Rules itawafanya mgombane kuhusu dini mpaka admini afunge grupu. Desertion ni fupi, kila mtu atakuwa na bibi wa kumkumbuka, na mtagombana vizuri kuhusu yule mama wa Amin, alimlinda mwanae au alimmaliza? Mimi niko upande wa kumaliza, ila nimeshasikia hoja za upande wa pili kutoka kwa watu wenye watoto wakubwa na sikuwa na jibu la haraka.

Kama hupendi kabisa mwisho wa kuumiza, The Winter Sea, funga macho uchukue. Moyes nae hatakutupa. Wale wengine wanne siwezi kukuahidi chochote.

Kuhusu kusoma kwenye simu, maana wengi ndo tunasomea humo, Possession inateseka, barua na mashairi yanakatika mistari ovyo na unashindwa kujua nani anaongea, tafuta ya karatasi hata iliyochakaa kwa wale wauza mitumba wa vitabu. The Map of Love mwanzoni ina mti wa familia, piga skrinshoti uweke pembeni, utaurudia mara kibao mpaka uelewe nani ni shangazi wa nani. Forty Rules kila sura ina jina la anaeongea juu yake kwa hiyo kwenye simu haina shida, na sura zenyewe fupifupi za kusomea kwenye daladala.

Na kama umeamua kusoma zote mbili, The Map of Love na Desertion, ambavyo mimi ningekushauri ufanye, anza na Map of Love. Ukitanguliza Desertion utakuwa umeshajifunza mgeni na mwenyeji wakipendana kinachofuata ni nini, halafu utamsoma Sharif Basha wa watu kitabu kizima kwa wasiwasi unasubiri lini atakimbia, na yeye kwa kweli hajafanya kitu cha kustahili kusomwa hivo.